Sahihi ya Dada

Waliotuachia methali hawakupata kuiona ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Hawakujua foleni zake, viti vyake vya chuma, wala wale makarani wanaosema "subiri kidogo" kisha wakatokomea nyuma ya mlango. Hata hivyo, waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, ungedhani mmoja wao aliwahi kusomea chuo kikuu. Maana yake haina fumbo. Siku mtu anapopokea cha mwenzake hucheka na kushangilia, na siku anapotakiwa kukirudisha uso humshuka, nyumba ikanyamaza kama iliyofiwa. Jambo moja tu methali haikulisema wazi: kwamba anayecheza siku ya harusi si lazima awe yule yule atakayelia siku ya matanga. Hilo alikuja kuliongeza kijana mmoja aliyeitwa Balozi, na alipolijua wakati ulikuwa umeshapita.

Ubalozi wenyewe hakupewa na serikali yoyote. Jina alilipata kwa marehemu baba yake, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuona watu wawili wakigombana bila kukaa katikati na kuwahutubia wote wawili. Mtoto alikuwa na ulimi. Shuleni alishinda midahalo, akishinda upande wowote aliopangiwa. Basi alipofaulu na kuitwa chuo kikuu, hakuna aliyeshangaa kwamba alichagua kusoma sayansi ya siasa. Mama alipouliza kwa upole kama ualimu haungekuwa na ajira ya karibu zaidi, Balozi alimweleza mambo ya wizara za nje, mashirika ya kimataifa na washauri wa viongozi, mpaka Mama akaona aibu kwa kuuliza.

Kilichobaki kilikuwa ada, na ada ilikuwa na njia moja, yaani mkopo. Mkopo nao ulitaka mdhamini mwenye mshahara. Hapo ndipo ukoo ulipoanza kuugua. Mjomba, aliyekuwa dereva wa shirika moja, alisema siku hizi macho yake hayaoni maandishi madogo, na jioni ile ile akaonekana barazani kwake akisoma gazeti. Shangazi alisema mume wake alimwapisha asitie sahihi kitu chochote hata cha msaada wa bure. Mkono wa ndugu ukiufuata na kalamu huwa mfupi ghafla.

Akabaki Dada. Yeye alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa ya mji, akifua na kupiga pasi mashuka ya wodini. Mshahara wake haukuwa wa kuringia, ila ulikuwa unapitia benki kila mwezi, na ofisi ya mikopo ilitaka hilo tu. Aliichukua kalamu kwa vidole vilivyokunjamana kwa sabuni, akatia sahihi taratibu, akihakikisha herufi hazitoki nje ya mstari.

Mchumba wake alikuwapo siku hiyo. Alikuwa seremala, mtu mpole, asiyeongea sana kwa kuwa randa ilikuwa ikimsemea. Alimngoja Dada amalize, kisha akamuuliza chini chini:

"Umekisoma ulichokisaini?"

"Nimesoma jina la mdogo wangu," Dada akajibu. "Mengine ya nini?"

Seremala akamshikia mkoba, wakatoka. Wakati huo yeye na Dada walikuwa na mipango yao. Alikuwa akijenga nyumba ndogo pembeni mwa mji, na kabla hata ya kuezeka alikuwa ameshaanza kutengeneza kitanda cha harusi yao. Hakutaka kukifunga kwa bolti kama vitanda vya madukani, ambavyo alisema vinalia kama kuku. Viungo vyake vyote alivichonga vikaingiana, akavigandisha kwa gundi, na ubao wa kichwani akautia nakshi ya majani. Kitanda cha namna hiyo hakifunguki tena. Huingia nyumbani kizima, na mlango wa nyumba aliyokuwa akijenga aliupima kwa kitanda hicho.

Habari kwamba mkopo umekubaliwa zilipofika, nyumba ya Mama ikageuka ya harusi. Jirani yao mmoja alikuwa na kazi ya kukodisha viti vya plastiki, na mji mzima ulimwita Mzee wa Viti. Siku hiyo alivileta bure, akavipanga uani kwa mkono wake. Alikuwa mtu wa utani. Alisema viti vyake havina ubaguzi, leo vinakaliwa na wenye manukato, kesho na wenye leso za machozi, na yeye huwa hasafishi kwa bei tofauti. Watu wakacheka. Soda zikafunguliwa, muziki ukapigwa, Mama akacheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Balozi alisimama juu ya kiti kimoja akatoa hotuba. Alimshukuru Mungu, Mama, walimu, na mustakabali wa taifa. Dada alikuwa jikoni akigawa sahani, na hotuba ilipomalizika bila jina lake hakuna aliyegundua, hata yeye mwenyewe.

Chuoni Balozi hakuwa mzembe, tusimsingizie. Alisoma kwa bidii na mitihani aliipasua. Tatizo lake lilikuwa kwamba pesa za mkopo zilipoingia hakuziona kama deni, aliziona kama mshahara wa kuwa msomi. Kila mwaka fomu iliuliza kiasi gani anahitaji, na kila mwaka aliomba kiwango cha juu kabisa. Alinunua suti ili awe na suti siku ya kuitwa. Alinunua simu iliyokuwa na akili kuliko baadhi ya wanafunzi wenzake. Alikodi chumba nje ya bweni kwa kuwa, alivyosema, mtu hawezi kumfikiria mwanafalsafa kwa kina huku mwenzake akikaanga vitunguu. Mwalimu wao mmoja, mzee mcheshi, aliwaonya mapema kwamba shahada ile haimpi mtu kazi, inampa mdomo tu, na kazi mtu aitafute kwa huo mdomo. Tena mshahara wa mwanzo utakuwa mdogo, asiyekubali kuanza chini hatafika juu. Darasa lilicheka. Balozi alicheka kuliko wote, kwa kuwa mdomo anao.

Tasnifu yake ya mwisho ilihusu uwajibikaji wa viongozi. Ndani yake aliandika kurasa nyingi za moto kuhusu watu wanaokula matunda ya uamuzi wao na kuwaachia wengine gharama. Alipata alama ya juu sana. Dada ndiye aliyelipia kuijalidi, na nakala moja akaiomba, akaiweka nyumbani kwa Mama juu ya kabati, karibu na picha ya Balozi akiwa na joho. Alikuwa akiifuta vumbi kila wiki.

Baada ya mahafali, dunia ilimpokea Balozi kama inavyowapokea wengi. Wizara zilitaka uzoefu. Mashirika ya kimataifa yalitaka uzoefu na shahada ya pili. Washauri wa viongozi walikuwa tayari ni mashemeji wa viongozi. Aliandika maombi mpaka mkono ukaota sugu, na majibu machache yaliyorudi yalikuwa ya adabu tupu. Mwishowe akaitwa na manispaa ya mji ule ule: nafasi ya karani wa masijala, mtu wa kupokea majalada, kuyapanga na kuyatafuta yanapotakiwa.

Waliitwa wawili, yeye na msichana mmoja aliyekuwa akikaa naye dawati la mbele chuoni. Walitajiwa mshahara, wakatajiwa na makato ya mkopo yatakayotolewa humo kabla pesa haijafika mkononi. Balozi alipiga hesabu akiwa amesimama. Baada ya makato kilichobaki kilitosha kodi ya chumba, nauli na chakula kisicho na mbwembwe. Msichana aliuma meno akakubali. Balozi aliomba siku mbili za kufikiri, naye hakurudi.

Si kwamba alikuwa mvivu. Huko chuoni palikuwa na maneno ya ujanja yaliyopitishwa kutoka darasa moja hadi jingine, na vijana wasomi kabisa waliyaamini: usiingie kwenye hati ya mshahara, na ofisi ya mikopo haitakuona. Kaa kwenye kazi za pesa taslimu, ujijenge kwanza, deni utalilipa ukishakuwa mtu. Balozi alikuwa amesoma katiba za nchi za mbali, lakini ule mkataba wake mwenyewe hakuwahi kuugeuza upande wa pili. Kwake mdhamini alikuwa mtu wa kutajwa tu, kama jirani anayeulizwa fulani anakaa wapi.

Siku moja Dada alimpigia simu. Alimwambia watu wa mkopo wamempigia kazini wakimuulizia yeye Balozi.

"Waache wapige, Dada," Balozi akasema. "Hawawezi kukufanya lolote. Waambie hujui nilipo."

"Lakini ulipo najua."

"Ni namna ya kusema tu. Wewe niamini, haya mambo nimeyasoma."

Dada akamwamini, kwa kuwa kweli alikuwa amesoma. Haukupita muda ofisi ikaandikia hospitali, na mshahara wa mfuaji ukaanza kukatwa.

Siku mshahara ulipokuja pungufu mara ya kwanza, Dada alifunga safari hadi chumbani kwa Balozi amweleze. Alimkuta anang'ara. Mgombea mmoja wa ubunge, mfanyabiashara mwenye pesa na asiyejua kusema, alikuwa amemchukua Balozi amwandikie hotuba, na malipo yalikuwa ya bahasha, mkono kwa mkono. Balozi alimkumbatia dada yake, akamnyanyua kidogo kutoka chini. "Dada, sasa tumetoka," alimwambia. Dada aliyatazama macho yale yaliyojaa raha, akameza alichokuja nacho. Alijiambia kwamba mwezi mmoja au miwili si kitu, kijana ndiyo kwanza anasimama, akisimama sawasawa atayachukua makato yake mwenyewe. Akanywa maji, akaaga, akaondoka. Laiti angesema siku ile. Ila mtu aliyekulea mgongoni huwa ana ugonjwa huo, hupenda kukuona ukicheka hata kicheko chenyewe kikiwa kinamla yeye.

Mwezi ukazaa mwezi. Harusi ya Dada ilikuwa imepangwa mwaka ule, ikasogezwa. Fungu lake yeye lilikuwa la mabati ya nyumba ya seremala, na fungu hilo sasa lilikuwa linaishia ofisi ya mikopo. Seremala aliambiwa ukweli wote, akaapishwa asimwambie mtu, hasa Balozi, kwa kuwa Dada hakutaka mdogo wake avunjike moyo mapema. Seremala akakubali kusubiri. Kitanda kilikuwa kimekamilika, kimefunikwa shuka kwenye kona ya karakana. Wateja waliinua shuka wakakitamani, na yeye aliwajibu kwamba kina mwenyewe.

Balozi alikuja nyumbani mara kwa mara, mikono haikuwa mitupu: mkate, sukari, kanga ya Mama. Aliona Dada amekonda, akasema hospitali inawafanyisha watu kazi kupita kiasi. Aliona Dada amerudi kulala chumba kimoja na Mama kwa sababu chumba chake kimepangishwa, akasema hilo ni wazo zuri la kiuchumi. Hakuuliza. Kutouliza nako ni kazi, na Balozi aliifanya vizuri.

Jambo moja lilimkera tu, nalo ni harusi isiyofika. Akaona ni wajibu wake kama mwanamume wa nyumba kumkabili yule seremala. Alimfuata karakana asubuhi moja, na viatu vyake vya hotuba, akasimama kwenye maranda ya mbao.

"Shemeji," alianza, "mwanamume ahadi. Dada yangu anazeeka ukiangalia. Unasubiri nini?"

Seremala aliisimamisha randa. Alimtazama Balozi kuanzia viatu mpaka tai.

"Tunasubiri jambo moja liishe," akasema.

"Jambo gani?"

"La kwetu, shemeji. Litaisha."

Balozi akamsomea somo. Alimweleza kuhusu kuwajibika, kuhusu mtu kushika alichoahidi, kuhusu madhara ya kumfanya mwenzako alipie kusitasita kwako. Lilikuwa somo zuri, mengine aliyatoa moja kwa moja kwenye tasnifu yake. Seremala alilisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi kwenye mbao yake. Wanaofanya kazi pale walisema siku ile alipiga randa ubao mmoja mpaka ukaisha.

Mgombea alishinda. Usiku wa ushindi alimshika Balozi bega mbele za watu, akamwita ubongo wake, akamwahidi nafasi ya mshauri. Wiki iliyofuata nafasi ilikwenda kwa mtoto wa dada wa mkewe, na namba ya simu ya mheshimiwa ikawa haipatikani. Mkono mtupu haulambwi, na wa Balozi ulikuwa umekauka. Akazurura na ulimi wake kama mchuuzi. Aliwaandikia hotuba wenyeviti wa vyama vya ushirika, maneno ya shukrani wastaafu, risala wasimamizi wa sherehe. Mwezi mmoja alikuwa na pesa, miezi mitatu hana. Miaka ikapita hivyo, nywele zikaanza kumkimbia kwenye paji la uso. Suti ya chuoni ikambana, na ile ya mahafali, nyeusi, akabaki nayo moja.

Katikati ya miaka hiyo alisikia kwamba Dada na seremala wameachana, na seremala amekwenda kufanya kazi mji mwingine. Balozi alikasirika kwa niaba ya dada yake. Alimpigia simu akamwambia alijua tu, wanaume wa aina ile ni wale wale. Dada alimwacha aseme mpaka salio likaisha.

Hatimaye maji yalipomfika shingoni, Balozi alikwenda manispaa. Yule msichana wa dawati la mbele sasa alikuwa mkuu wa idara, mama wa watoto wawili, deni lake la chuo alikuwa amelimaliza zamani. Hakumkejeli hata kidogo. Alimwambia ana nafasi moja tu, na akaitaja akiangalia pembeni. Ilikuwa ile ile ya karani wa masijala. Kiti kilikuwa kile kile, kimebadilishwa kitambaa tu.

Safari hii Balozi aliikubali. Na tuseme haki, aliikubali kwa moyo. Alijisikia ameamka. Alisema sasa makato yaje, alipe kama watu, amalize. Mwisho wa mwezi akafungua hati yake ya mshahara akitafuta mahali palipokatwa, asipaone. Mwezi wa pili, hivyo hivyo. Akadhani wamemsahau, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliona vibaya kusahauliwa. Akavaa suti yake nyeusi, akaenda mwenyewe ofisi ya mikopo, akapanga foleni, akakaa kwenye kile kiti cha chuma. Alihisi kifua kimepanuka. Ni watu wangapi hujipeleka wenyewe kulipa?

Karani wa pale aliangalia kompyuta, akamwangalia Balozi, akaangalia kompyuta tena.

"Wewe huna deni hapa, kaka. Lilikwisha mwanzoni mwa mwaka."

Balozi alicheka. Ndiyo, alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuja kumnyima usingizi kuliko mengine yote. Aliona nyota yake imewaka ghafla.

"Serikali imetusamehe?"

"Nani akusamehe? Amelipa mdhamini wako. Alikuwa anakatwa kwenye mshahara."

"Anakatwa tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuonekana," karani akasema, akamwita wa nyuma yake.

Balozi alitoka nje, akasimama juani, asijue aelekee wapi. Vitu alivyoviona kwa miaka mingi bila kuviangalia vilianza kujipanga kimoja baada ya kingine. Chumba kilichopangishwa. Kukonda. Tunasubiri jambo moja liishe. Alikumbuka viatu vyake kwenye maranda ya mbao, akatamani ardhi ipasuke.

Alipofika nyumbani Dada hakuwa amerudi kutoka kazini. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Balozi akapiga magoti mbele yake na suti ile ile, akauliza, na Mama aliyekuwa amebana siri muda wote ule aliiachia. Hakulia. Alisimulia huku akiendelea kuchambua.

Alimwambia kwamba seremala alisubiri mpaka mama yake mzazi akachoka kusubiri kwa niaba yake. Kiwanja kiliuzwa nyumba ikiwa bado haina bati. Alipopata kazi mji mwingine alimtaka Dada waondoke wote hivyo hivyo, bila sherehe. Dada alisema akiacha kazi deni litamfuata huko huko na faini juu yake, na yeye hataki kuingia ndoani na mzigo wa kumvunja mtu mgongo. Wakaagana. Seremala alisema basi angalau kitanda abaki nacho, kilikuwa chake tangu mwanzo. Akakileta na mkokoteni.

"Hakikuingia," Mama akasema, akaugusa mlango kwa mgongo wa mkono. "Walikigeuza ubavu, wakakisimamisha, wakajaribu na dirishani. Mlango wetu huu ni mwembamba. Na kufunguka hakifunguki, alikigandisha mwenyewe. Dada yako alikuwa ameshika upande wa majani. Wakasimama nacho hapo uani, kila mtu upande wake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukiachia."

"Kiko wapi sasa?"

"Aliondoka nacho. Nasikia ameoa."

Dada alirudi jioni, ananukia sabuni ya hospitali. Mvi zilikuwa zimemwingia pembeni mwa uso. Aliona namna walivyokaa, akajua. Akatua mkoba, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kile kitanda alichokuwa akilala na Mama.

Balozi aliyeweza kuongea pande zote za mdahalo alitafuta pa kuanzia. Akaanzia mahali pabaya.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini?"

Ukweli ulikuwa wazi na wote watatu waliujua. Angetoa hotuba. Angesema subiri kidogo, uchaguzi huu ukipita.

"Ungeniambia nisubiri," Dada akasema. "Na mimi kusubiri nilikuwa naweza mwenyewe."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Ningekuwa sijakusamehe ningekuja kukupigia kelele mbele ya huyo mheshimiwa wako." Akatabasamu kidogo, tabasamu likashindwa kufika. "Kusamehe hakukunisaidia sana, Balozi. Nilidhani kungesaidia."

Balozi akamwambia atamrudishia pesa zote, kila mwezi, kutoka mshahara wake wa karani, mpaka ya mwisho. Dada alifikiri. Balozi alitegemea akatae, kama watu wakubwa wanavyokataa, apate naye nafasi ya kusisitiza.

"Lete," Dada akasema. "Paa linavuja."

Basi ikawa hivyo. Mwisho wa mwezi Balozi alikuja na koti lake jeusi, kwa kuwa hakuwa na jingine la heshima, akitembea kichwa chini. Aliziweka pesa mezani. Dada alizichukua, akaziweka chini ya ile tasnifu iliyokuwa juu ya kabati, ambayo siku hizi hakuna aliyeifuta vumbi. Hakuna aliyesema ahsante, kwa kuwa hakuna aliyeona pa kushukuru, na hakuna aliyelaumu. Mama alimimina chai. Walikaa watatu, kila mmoja akiangalia kikombe chake, mpaka chai ikapoa. Mwezi uliofuata ikawa vile vile, na uliofuata vile vile. Kulipa kwenyewe kulikuwa kwepesi. Kilichokuwa kizito ni kukaa pale na mambo ambayo pesa haikuweza kuyaleta mezani.

Siku moja ya malipo Mzee wa Viti alikuwa amekaa nje kwake. Alikuwa amezeeka, macho yamepungua nguvu. Aliona mtu wa koti jeusi akitoka nyumba ya jirani bila kusema neno, na nyuma yake wanawake wawili wamesimama mlangoni kimya. Akajikongoja mpaka uani, akaushika mkono wa Balozi kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana, wanangu," akasema. "Nani ametutoka? Niwatolee viti?"

Balozi alitaka kumjibu kwamba hakuna aliyefariki. Aligeuka akamtazama dada yake aliyesimama katika mlango ule mwembamba, mkono mmoja kwenye mwimo, pale pale palipogoma kitanda. Akakosa neno, yeye ambaye katika maisha yake alikosa kila kitu isipokuwa neno.

"Viti acha tu, mzee," Dada akasema kwa upole. "Ni deni tunalipana."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka siku ambayo uani pale palikuwa na soda na muziki, na kijana mmoja amesimama juu ya kiti chake akihutubia. Akautua mkono wa Balozi polepole. Alikuwa amevipeleka viti vyake nyumba nyingi kwa miaka mingi, na alijua anachokiona. Akarudi kwake akinong'ona peke yake, na wote watatu walimsikia:

"Kukopa harusi, kulipa matanga."